Ukucha wa Paka na Jicho la Mtoto

Chini ya milima inayopanda kuelekea Matamba na Kitulo, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, upo mji mdogo wa Chimala. Mbele yake limetandaa bonde la Usangu, na mito iteremkayo kutoka milimani hunywesha mashamba ya mpunga. Mpunga ukishavunwa huwekwa ghalani au ndani ya nyumba. Penye mpunga pana panya, na penye panya mwenye nyumba hana budi kufuga paka. Kwa hiyo watoto wa Chimala, sawa na watoto wa Iringa na wa sehemu nyingine nyingi za nchi yetu, hukua pamoja na paka. Huwabeba, hulala nao mkeka mmoja, na mara kwa mara huparurwa nao.

Mparuro wa paka kwa kawaida si jambo la kushtua. Ngozi huchubuka, damu kidogo hutoka, na baada ya siku chache mahali pale husahauliwa. Lakini mara chache mparuro huo huacha bakteria mwilini, na mara chache zaidi bakteria hao huleta madhara katika jicho. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyotokea, na kwa nini mwalimu au mwanafunzi mwenye maarifa machache tu anaweza kuulinda uoni wa mtoto. Jambo kubwa tutakaloliona ni kwamba maradhi haya mara nyingi hupona, lakini mtoto hupata hasara kwa sababu mbili zilizo mikononi mwetu: kutogundua kwamba jicho lake moja limepungua kuona, na kutia katika jicho dawa isiyostahili.

Kijidudu na safari yake

Mwaka 1950 daktari Robert Debré wa Paris, pamoja na wenzake, walieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu maradhi waliyoyaita, kwa lugha yao, maradhi ya ukucha wa paka. Walikuwa wamewaona watoto wenye mitoki, yaani tezi zilizovimba za kwapani, shingoni au kinenani, ambao siku chache kabla ya hapo walikuwa wameparurwa na paka. Chanzo chenyewe hakikujulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1983 wataalamu wa Washington walipaka vipande vya tezi za wagonjwa rangi yenye fedha, wakaviweka chini ya hadubini, na wakaona vijiti vidogo vya bakteria. Mnamo mwaka 1992 bakteria mhusika alipewa jina la kisayansi, na tangu mwaka 1993 anaitwa Bartonella henselae. Jina la kwanza linamkumbuka Alberto Barton, daktari wa Peru aliyechunguza bakteria wa jamii hii mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la pili linamkumbuka Diane Hensel, mtaalamu wa maabara wa Marekani.

Bakteria huyu ana urefu wa takriban sehemu mbili za elfu moja ya milimita. Makao yake ya kawaida ni damu ya paka. Huingia katika chembe nyekundu za damu na kukaa humo kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi, na paka mwenyewe haonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Hula, hucheza, huwinda panya kama kawaida. Paka wadogo wasiotimiza mwaka mmoja ndio walio na bakteria hao kwa wingi zaidi, na ndio hao hao wapendao kucheza na watoto kwa kutumia kucha.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa bakteria wamo ndani ya damu ya paka, wanafikaje kwenye kucha zake? Jibu ni kiroboto. Kiroboto wa paka hufyonza damu yenye bakteria, bakteria wakaongezeka ndani ya tumbo lake, kisha wakatoka pamoja na kinyesi chake. Kinyesi hicho ni vile vipunje vyeusi kama unga wa kahawa tunavyoviona tukifunua manyoya ya paka. Paka anapojikuna au kujilamba, vipunje hivyo hukwama chini ya kucha na mdomoni. Akimparura mtoto, ukucha huwa kama sindano iliyochovywa katika uchafu huo.

Hayo yalithibitishwa kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1996 huko Marekani. Viroboto walichukuliwa kutoka kwa paka wenye bakteria, wakawekwa juu ya paka wasio nao, na paka hao wakaambukizwa. Lakini paka wenye bakteria na wasio nao walipokaa pamoja pasipo viroboto, maambukizo hayakupita. Mwanafunzi wa biolojia ataona hapa mfano mzuri wa jaribio lenye ulinganisho: kitu kimoja tu kilibadilishwa, nacho ni kiroboto, na matokeo yakabadilika.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha alama za bakteria huyu katika damu ya paka wa Zimbabwe. Mwaka 2012 watafiti, akiwamo mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha Morogoro, walichapisha habari za aina mbalimbali za bakteria wa jamii ya Bartonella waliopatikana katika panya na wanyama wengine wadogo wa Tanzania na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2019 utafiti mwingine uliwakuta katika panya wa kaskazini mwa Tanzania na katika wadudu wanaoishi juu ya panya hao. Bakteria wa panya si lazima wawe ndio wale wale wa paka, lakini ni wa ukoo mmoja, nao hutuonyesha kwamba ukoo huo upo katika mazingira yetu.

Mtoto akishaparurwa

Baada ya siku 3 hadi 10 kipele kidogo chaweza kutokea mahali palipoparurwa. Kipele hicho hakiwashi sana, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni cha mbu. Baada ya wiki moja hadi tatu tezi iliyo karibu na mahali hapo huvimba na kuuma. Akiwa ameparurwa mkononi, mtoki hutokea kwapani. Akiwa ameparurwa usoni, hutokea shingoni au chini ya taya. Mtoto anaweza kuwa na homa ndogo, uchovu na kukosa hamu ya kula. Katika watoto wengi wenye afya, hali hiyo huisha yenyewe katika miezi miwili hadi minne.

Tezi hizi ni sehemu ya ulinzi wa mwili. Humo chembe nyeupe za damu huwakamata wavamizi. Kuvimba kwa tezi ni dalili kwamba vita vinapiganwa, na mahali ilipo tezi hutuonyesha mlango alimoingilia adui. Tuikumbuke kanuni hiyo, kwa kuwa itatusaidia kulielewa jicho.

Jicho jekundu na mtoki mbele ya sikio

Njia ya kwanza ya maradhi haya kufika kwenye jicho ni ya moja kwa moja. Mtoto amemshika paka mwenye viroboto, uchafu ukabaki vidoleni, kisha akajifikicha jicho. Bakteria huangukia kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Jicho hilo, kwa kawaida moja tu, huwa jekundu na kutoa machozi, na mtoto huhisi kama ameingiwa na mchanga. Kope ikigeuzwa, huonekana uvimbe mdogo wa rangi ya kijivu au ya njano. Kisha tezi iliyo mbele ya sikio, upande ule ule wa jicho, huvimba. Tezi hiyo ndiyo mlinzi wa mlango huo, kwa sababu maji ya mwili kutoka kwenye kope hupitia huko.

Muungano wa dalili hizi mbili, yaani jicho moja jekundu pamoja na mtoki mbele ya sikio la upande ule ule, ulielezwa mwaka 1889 na Henri Parinaud, daktari wa macho wa Ufaransa. Yeye alihisi kwamba wagonjwa wake waliambukizwa na wanyama, ingawa wakati huo hakuna aliyemjua bakteria mwenyewe. Katika watu wanaougua maradhi ya ukucha wa paka, takriban 5 katika kila 100 hupata hali hii ya Parinaud. Habari njema ni kwamba kwa kawaida hupona bila kuacha kovu na bila kupunguza uoni.

Nyota ndani ya jicho

Njia ya pili ni ya ndani, na ndiyo yenye hatari zaidi kwa uoni. Hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili tu katika kila 100. Hapa bakteria, au mapambano ya mwili dhidi yao, hufika nyuma ya jicho kwa njia ya damu. Ili tuelewe madhara yake, hatuna budi kukumbuka kidogo umbo la jicho.

Jicho hufanana na kamera. Mbele liko dirisha angavu, yaani konea. Nyuma yake iko mboni na lenzi, na ukuta wa nyuma umetandikwa retina, utando wenye unene usiofika nusu milimita, ambao hupokea picha. Ujumbe wa picha hiyo hukusanywa na nyuzi zaidi ya milioni moja, ambazo huungana na kutoka nyuma ya jicho kama kamba moja. Hiyo ndiyo neva ya jicho, iendayo kwenye ubongo. Karibu na hapo, katikati ya retina, kuna sehemu ndogo iitwayo doa manjano. Kwa doa hilo twasoma, twatunga uzi katika sindano, na kuzitambua nyuso za watu.

Katika maradhi haya kichwa cha neva ya jicho huvimba, na mishipa midogo ya damu iliyopo hapo huvujisha majimaji. Majimaji hayo yana protini na mafuta, nayo huenea ndani ya retina mpaka kwenye doa manjano. Baada ya wiki moja hadi nne maji yenyewe huanza kufyonzwa, lakini mafuta hayafyonzwi haraka. Hubaki kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria maji yakikauka. Sasa, katika doa manjano nyuzi za retina zimepangwa kutoka katikati kwenda pembeni, mfano wa njiti za gurudumu la baiskeli. Mafuta hujipanga kwa kuifuata mistari hiyo. Daktari akichungulia kwa chombo chake huona nyota nyeupe au ya njano. Umbo hilo la nyota lilielezwa mwaka 1916 na Theodor Leber wa Ujerumani. Kwa hiyo nyota hiyo ni ramani ya nyuzi za retina, iliyochorwa kwa mafuta yaliyovuja.

Mtoto mwenye hali hii kwa kawaida hana maumivu makali, wala jicho lake si lazima liwe jekundu. Ukimtazama kwa nje waweza kusema hana kitu. Anachoona yeye ni ukungu au kivuli katikati ya anachokitazama. Rangi, hasa nyekundu, huonekana kama zimepauka. Na kwa kuwa mara nyingi ni jicho moja tu, lile jingine humfanyia kazi. Mtoto huendelea kutembea, kucheza mpira na hata kunakili kutoka ubaoni pasipo kujua kwamba jicho moja limepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza kati ya zile mbili tulizozitaja: jicho zima hulificha jicho gonjwa.

Uoni wa wagonjwa wengi hurudi vizuri katika muda wa wiki au miezi kadhaa. Hata hivyo, baadhi hubaki na neva iliyofifia, rangi zisizokolea, au doa la kudumu katikati ya uoni. Basi haifai kumwacha mtoto asubiri bila kuonwa na daktari, kwa kuwa maradhi mengine yenye dalili kama hizi hayaponi yenyewe.

Maradhi yanayofanana na haya

Si kila mtoto mwenye paka na jicho jekundu ana maradhi ya ukucha wa paka. Kwetu Tanzania, trakoma, ambayo wengi huiita vikope, ni ugonjwa mwingine wa macho wenye chanzo cha bakteria. Huenezwa kwa vidole, nguo na nzi, na kwa kawaida hushika macho yote mawili. Kifua kikuu chaweza kuleta mtoki shingoni, na mara chache huleta hata dalili zile za Parinaud. Kaswende nayo yaweza kuvimbisha neva ya jicho, na shinikizo kubwa la damu laweza kuchora nyota katika retina. Ndiyo sababu daktari hupima shinikizo la damu na kuagiza uchunguzi wa damu kabla ya kuamua.

Aidha tusiyachanganye maradhi haya na toksoplazma, ugonjwa mwingine unaohusishwa na paka. Huo haupiti kwenye ukucha. Hutokana na kumeza mayai ya kijidudu yaliyotoka katika kinyesi cha paka na kuingia katika udongo, maji au mboga, au kula nyama isiyoiva. Nao waweza kuacha makovu katika retina, hasa kwa mtoto aliyeambukizwa tangu tumboni mwa mama.

Ugumu wa kuyatambua maradhi yatokayo kwa wanyama umeonekana wazi hapa nchini. Katika utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008 na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa homa walichunguzwa kwa makini. Katika hao, 528 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Lakini vipimo vilionyesha kwamba malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Kati ya wale waliopimwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo. Utafiti huo haukuhusu maradhi ya ukucha wa paka. Hata hivyo somo lake linatufaa: tukimuuliza mgonjwa habari za mbu pekee na kusahau panya, mbuzi, ng'ombe na paka, tutakosa majibu mengi.

Kinachodhuru zaidi

Tumefika kwenye sababu ya pili. Jicho la mtoto likiwa jekundu, watu wazima wenye huruma hutafuta dawa ya haraka. Wengine hukamua majani, wengine hutumia maziwa ya mama, mkojo au unga wa mizizi, na wengine hununua matone dukani kwa sababu jirani alipona kwayo. Huruma hiyo yaweza kugeuka kuwa msiba. Majani na maji yasiyo safi huingiza bakteria na ukungu katika konea. Baadhi ya matone ya dukani yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupunguza wekundu kwa haraka lakini huwapa nguvu virusi na ukungu kama tayari wamo katika jicho. Konea ikipata kidonda na kovu, dirisha huzibika, na hapo hata retina iliyo nzima haipati mwanga.

Hili si tishio la kubuni. Mwaka 1987 wataalamu Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Asilimia 37 ya vidonda hivyo vilihusiana na surua iliyokuwa imewapata watoto siku za karibuni. Miongoni mwa visababishi vikubwa walivyovitaja ni upungufu wa vitamini A, virusi vya herpesi, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Twaona basi kwamba jicho ambalo pengine lingepona lilipofushwa na kilichotiwa ndani yake. Maradhi ya ukucha wa paka hayana desturi ya kutoboa konea. Ingekuwa hasara kubwa mtoto aliyepatwa na hali ya Parinaud, ambayo kwa kawaida hupona, akapoteza jicho kwa sababu ya majani.

Mwalimu na wanafunzi wafanye nini

Shule yaweza kufanya uchunguzi mdogo usiohitaji chombo cha gharama. Kwanza, mtoto asimame mita 6 kutoka kwenye herufi zilizochorwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga wa kutosha. Afunike jicho moja kwa kipande cha kadi bila kulibonyeza, asome kwa jicho la pili, kisha abadilishe. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya jicho moja na jingine.

Pili, atazame kitu chekundu, kama vile jalada la daftari, kwa jicho moja baada ya jingine. Akisema kwamba kwa jicho moja wekundu umepauka, neno lake lisipuuzwe. Tatu, tumieni ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba. Wekeni nukta katikati, naye aitazame nukta hiyo kwa jicho moja kutoka umbali wa kusomea. Kama mistari inaonekana imepinda, au sehemu ya miraba haionekani, huenda doa manjano lina kasoro.

Majaribio haya hayatambui jina la ugonjwa. Kazi yake ni kumwonyesha mwalimu nani apelekwe kwa mganga. Mtoto yeyote ambaye jicho lake limepungua kuona kwa ghafula, au lina maumivu makali, au linauma anapotazama mwanga, au lina weupe katika konea au katika mboni, apelekwe hospitali mara moja. Kwa watu wa Chimala, hospitali ya misheni iko karibu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya. Atakayempeleka aeleze mambo matatu ambayo mtoto mwenyewe aweza kuyasahau: je, kuna paka nyumbani, hasa paka mdogo? Je, aliparurwa katika wiki za karibuni? Je, alikuwa na homa au mtoki?

Hospitalini daktari atachungulia nyuma ya jicho, na pengine ataagiza damu ipimwe ili kutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya bakteria huyu. Kumwotesha bakteria mwenyewe katika maabara ni kazi ngumu, kwa sababu hukua polepole sana. Mtoki wa kawaida mara nyingi hauhitaji dawa. Dawa iitwayo azithromisini yaweza kuupunguza upesi zaidi. Retina au neva ikiwa imeshikwa, madaktari wengi hutumia doksisiklini pamoja na rifampisini kwa wiki kadhaa. Kwa kuwa desturi ni kutowapa watoto wa chini ya miaka 8 doksisiklini kwa muda mrefu, daktari huwachagulia dawa nyingine. Rifampisini ni miongoni mwa dawa kuu za kifua kikuu, na matumizi yake ya ovyo hufundisha bakteria ukaidi. Kwa hiyo dawa hizi zisinunuliwe bila maagizo. Mtoto ambaye kinga ya mwili wake imepungua, kwa mfano kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, aonwe na daktari mapema, kwa maana bakteria huyu aweza kuenea mwilini mwake kwa ukali zaidi.

Paka asihukumiwe bure

Wasomaji wengine watasema: basi tuwaue paka. Huo si ushauri wa sayansi. Paka wakiondoka, panya watajaa ghalani, na panya nao wana viroboto na maradhi yao. Wilaya ya Lushoto iliujua ugonjwa wa tauni kwa miaka mingi tangu mwaka 1980, na tauni ni ugonjwa wa panya na viroboto. Adui wetu hapa ni kiroboto.

Kiroboto mzima huishi juu ya paka, lakini mayai yake hudondoka sakafuni. Funza watokao humo hula uchafu katika vumbi, nyufa na mikeka, kisha hujifungia katika vifuko mpaka wawe viroboto wazima. Kwa hiyo kumpaka paka dawa peke yake hakutoshi. Sakafu ifagiliwe kila siku, mahali alalapo paka pasafishwe, na mikeka na matandiko yaanikwe juani. Nyanda za Juu Kusini hulima pareto, na dawa zitokanazo na ua hilo huwaua viroboto. Lakini tahadhari: baadhi ya dawa za viwandani zinazofanana nayo, kama permetrini inayotumika kwa mbwa, humdhuru paka na zaweza kumwua, wala paka asiogeshwe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Afisa mifugo aulizwe kwanza.

Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika paka, kutojifikicha macho, na kutomchokoza paka mdogo mpaka akatoa kucha. Paka asiachwe alambe kidonda. Mtoto akiparurwa, mahali hapo paoshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Akiumwa kwa meno, jambo ni zito zaidi: paka huweza kupata kichaa cha mbwa, na maradhi hayo yakishaonyesha dalili hayana tiba. Kidonda kioshwe kwa dakika 15, na mtoto apelekwe siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, pamoja na kuangaliwa habari ya pepopunda.

Tumeona kwamba kijidudu hiki hupita katika milango mingi kabla ya kulifikia jicho: kiroboto, kinyesi chake, ukucha, ngozi, damu. Kila mlango waweza kufungwa kwa ufagio, sabuni na uangalifu. Na ikiwa yote yamepita na jicho limeshikwa, bado zimebaki kazi mbili ambazo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaziweza. Ya kwanza ni kulipima kila jicho peke yake. Ya pili ni kuuzuia mkono unaotaka kutia jichoni dawa isiyoagizwa na daktari.